Fomu ipi kwa nyumba ipi: mwongozo wa kuchagua ripoti ya uthamini wa makazi Marekani

Kazi nyingi za uthamini wa nyumba Marekani huharibika kabla mthamini hajafika kwenye nyumba yenyewe. Oda imeandikwa 1004, fomu ya nyumba ya familia moja, kumbe nyumba ni kondo, yaani yuniti yenye mmiliki wake ndani ya mradi wa wamiliki wengi. Oda imeandikwa 1025, fomu ya makazi mawili hadi manne, kaunti inaitambua nyumba kama makazi ya familia moja. Ripoti inafika kwa mkaguzi wa mkopo, inarudishwa, mthamini anaanza upya, siku zinakwenda, na riba ambayo mnunuzi alikuwa amefungiwa inaisha muda wake. Anayeumia ni familia ambayo imeshatoa notisi kwenye nyumba ya kupanga na imeshafunga vyombo kwenye maboksi. Ndiyo maana nasema kuchagua fomu ni sehemu ya uthamini wenyewe, na anayeichukulia kama kazi ya karani atawagharimu watu wengine fedha zao.

Nimeandika haya kwa wenzangu wa Kiswahili walioko Texas, Minnesota, Ohio na majimbo mengine, wanaojifunza uthamini chini ya mthamini msimamizi, na kwa wale wanaofanya kazi kwenye ofisi za mikopo ambako oda hujazwa. Mwenye nyumba naye asome. Sheria inamtaka mkopeshaji ampe mwombaji wa mkopo nakala ya ripoti ya uthamini, kwa kawaida siku tatu za kazi au zaidi kabla ya kufunga mauziano, na mtu akiipata nakala hiyo ni vizuri ajue anaangalia nini.

Kwanza namba, maana zinachanganya. Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, wanatumia fomu zile zile lakini kila mmoja ana namba zake. Fomu 1004 ya Fannie ndiyo Fomu 70 ya Freddie. 1073 ni 465. 1025 ni 72. 1004C ni 70B. Chini ya ukurasa utaziona namba zote mbili. Sokoni watu wengi hutaja namba za Fannie, nami nitafanya hivyo. Mikopo yenye dhamana ya FHA (shirika la serikali kuu linalodhamini mikopo ya nyumba) na VA (idara ya wanajeshi wastaafu) nayo hutumia fomu hizi, ila kila programu ina masharti yake ya ziada. Ya FHA yako kwenye kitabu cha mwongozo namba 4000.1 cha HUD, wizara ya makazi ya serikali kuu.

Maswali ni matano, na mpangilio wake una maana: ripoti ni ya kazi gani, umiliki ni wa aina gani kisheria, makazi ni mangapi, nyumba ilijengwa wapi, na ukaguzi utafika wapi. Sura ya nyumba ukiitazama kutoka barabarani haimo kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 1: Uliza ripoti ni ya kazi gani

Soma oda mpaka mwisho, kisha jiulize nani mteja na ripoti ataifanyia nini. Kama ni mkopo wa kununua nyumba au wa kubadilisha mkopo wa zamani, na mteja ni mkopeshaji, endelea na hatua ya 2.

Kama si mkopo, weka 1004 pembeni. Hapa ndipo wanaoanza huteleza zaidi, kwa sababu 1004 ndiyo fomu waliyoizoea na programu ya kompyuta huifungua yenyewe. Maneno yaliyochapwa ndani ya fomu yanasema matumizi yake ni kumsaidia mkopeshaji kupima dhamana ya mkopo, na kwamba mtumiaji aliyekusudiwa ni huyo mkopeshaji. Fomu yenyewe inakataza kubadilisha matumizi hayo, mtumiaji huyo, tafsiri ya thamani ya soko, na masharti yanayoizunguka thamani. Huwezi kuongeza sentensi kwenye kiambatisho ikasema "ripoti hii ni ya mirathi" na mambo yakawa sawa. Umesaini karatasi yenye kauli mbili zinazopingana.

Fikiria familia iliyofiwa na mzee wao, aliyeacha nyumba. Wanahitaji thamani ya siku aliyofariki, ambayo huenda ilikuwa mwaka mmoja au miwili nyuma, kwa ajili ya mahakama ya mirathi na ya mamlaka ya kodi, IRS. Mteja ni msimamizi wa mirathi au wakili wake. Tarehe ya thamani ni ya nyuma. Tafsiri ya thamani inayotumiwa na IRS ina maneno yake, tofauti na yaliyochapwa kwenye 1004. Ukiwaandikia kwenye 1004, wakili wa upande mwingine atauliza swali moja tu: benki gani inakopesha hapa? Hapo ripoti nzima imeyumba, hata kama namba yako ilikuwa sahihi.

Kwa kazi za namna hiyo, yaani mirathi, talaka, kugawana mali, kupinga makadirio ya kodi ya majengo, au mtu anayetaka tu kujua auze kwa bei gani, kuna njia mbili. Ya kwanza ni fomu za matumizi ya jumla zinazokuja na programu nyingi za wathamini. Zina nafasi ya kuandika mteja, matumizi na tafsiri ya thamani kwa maneno yako. Ya pili ni ripoti ya maelezo isiyo na fomu kabisa. Kwa mirathi yenye ugomvi au kesi ya talaka napendelea ya pili, kwa sababu wakili na hakimu husoma aya kwa urahisi kuliko visanduku.

Usichanganye fomu na aina ya ripoti. Kanuni za kitaifa za uthamini, USPAP, zinatambua aina mbili tu za ripoti ya maandishi: ripoti kamili ya uthamini na ripoti yenye mipaka, ambayo ina maelezo machache zaidi. Fomu ni chombo cha kubebea ripoti. Hakuna fomu inayokufanya uwe umetimiza USPAP kwa kuijaza visanduku vyote. Kama jambo muhimu halina kisanduku, ni juu yako kuliandika.

Hatua ya 2: Soma hati kabla ya kuitazama nyumba

Hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote, na ikipuuzwa ndiyo inayorudisha ripoti nyingi. Chukua nyumba za safu, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ghorofa mbili, gereji chini, kiuwanja kidogo nyuma. Nyumba hiyo hiyo moja inaweza kuwa kondo, inaweza kuwa kwenye PUD (mtaa wa viwanja binafsi wenye chama cha lazima, nitaueleza chini), na inaweza kuwa nyumba ya kawaida isiyo na chama chochote. Ukisimama barabarani huwezi kujua. Wakala wa mauzo akiandika kwenye tangazo kwamba ni nyumba ya safu, amekueleza usanifu, umiliki hajaugusa.

Fungua rekodi za kaunti na usome maelezo ya kisheria ya mali. Ukikuta kitu kama "kiwanja namba 14, kitalu B, kwa mujibu wa ramani iliyosajiliwa", mwenye nyumba anamiliki ardhi iliyo chini ya nyumba. Ukikuta "yuniti namba 14, pamoja na sehemu isiyogawanyika ya maeneo ya pamoja", hiyo ni kondo: anachomiliki peke yake ni nafasi ya ndani ya yuniti, na ardhi, paa na kuta za nje ni mali ya wote kwa hisa. Mara nyingi hisa hiyo huandikwa kwa asilimia.

Kutoka hapo chaguo ni hili:

Kondo hutumia Fomu 1073. Inauliza mambo ambayo 1004 haiulizi: mradi una yuniti ngapi, ngapi zimeuzwa, ngapi zimepangishwa, nani anausimamia, mjenzi bado ana mamlaka juu ya chama cha wamiliki au ameshakikabidhi, ada ya kila mwezi ni kiasi gani na inalipia nini, kuna maduka au ofisi ndani ya jengo au hakuna. Maswali haya yanagusa thamani moja kwa moja. Yuniti nzuri kwenye mradi uliojaa wapangaji na wenye chama kisicho na akiba huuzwa kwa shida. Hata upimaji hubadilika: kwenye kondo ya ghorofa unapima kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, wakati nyumba ya peke yake hupimwa kwa nje. Fannie Mae tangu tarehe 1 Aprili 2022 wanataka nyumba hizo za peke yake zipimwe kwa ANSI Z765, kiwango cha kitaifa cha kupima futi za mraba za nyumba.

Nyumba iliyo ndani ya PUD hutumia Fomu 1004. PUD ni mpango ambamo kila mtu anamiliki kiwanja na nyumba yake, halafu chama kinamiliki bwawa la kuogelea, njia za ndani au bustani, na uanachama ni wa lazima kwa kila mwenye nyumba. Weka alama kwenye kisanduku cha PUD na uandike ada. Sehemu ya PUD iliyo kwenye ukurasa wa tatu wa 1004 ina masharti ambayo wengi huyaruka: maelezo yale ya mradi hutakiwa pale tu mjenzi anapokuwa bado na mamlaka juu ya chama NA nyumba ikiwa imeshikana na nyingine. Kama moja kati ya hayo halipo, jibu maswali ya mwanzo na uendelee.

Nyumba ya ushirika, ile ambayo mtu ananunua hisa za shirika linalomiliki jengo na kupewa haki ya kukaa kwenye yuniti fulani, hutumia Fomu 2090. Utaikuta sana New York City. Nje ya hapo unaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuigusa.

Kuna kesi moja ya katikati: kondo ambayo ni nyumba iliyosimama peke yake, yenye nyasi zake pande zote. Kisheria ni kondo. Fannie Mae wanakubali iandikwe kwenye 1004 ilimradi mthamini aueleze mradi vya kutosha, pamoja na ada za chama na hali ya matunzo ya maeneo ya pamoja. Mimi ningemuuliza mteja kwanza na kuandika 1073 kama hana pingamizi, kwa sababu maswali ya mradi yatahitaji majibu vyovyote vile, na ni afadhali yakae mahali ambapo mkaguzi amezoea kuyatafuta.

Hatua ya 3: Hesabu makazi, na uwe na sababu ya hesabu yako

Makazi mawili hadi manne kwenye mali moja huenda kwenye Fomu 1025. Matano na kuendelea si kazi ya fomu za makazi tena. Huko ni uthamini wa biashara na leseni ya ngazi nyingine.

Moja, mbili, tatu, nne: inaonekana rahisi. Ugumu unakuja pale makazi ya pili yanapokuwa madogo. Wenzetu wengi hununua nyumba kwa hesabu kwamba sehemu ya chini au kijumba cha nyuma kitasaidia kulipa mkopo, na mara nyingi ndugu aliyetangulia ameshakaa humo. Je, hiyo ni nyumba moja yenye makazi ya ziada, ambayo kwenye karatasi huandikwa ADU na inakaa kwenye 1004? Au ni makazi mawili kamili, kwa hiyo 1025?

Kwanza hakikisha ni makazi kweli. ADU lazima iwe na mahali pa kuishi, kulala, kupika na kuoga, vinavyojitegemea. Chumba chenye bafu na mlango wake, bila jiko, bado ni chumba.

Kisha zunguka nyumba. Nenda ubavuni na uhesabu mita za umeme na za gesi. Mita mbili zenye namba mbili za nyumba zilizobandikwa juu yake zinakuelekeza kwenye makazi mawili. Mita moja, na waya unaopita ndani kwenda kwenye kijumba, unakuelekeza kwenye ADU. Angalia sanduku la barua: anwani moja au mbili? Uliza kama sehemu ile imepangishwa. Fannie Mae wenyewe wanavitaja hivi vitatu, yaani huduma zilizotenganishwa, anwani ya peke yake na kama yuniti imepangishwa, kuwa miongoni mwa vitu vya kutazama, lakini hawasemi kimoja chao kinatosha. Uamuzi ni wako na lazima uuandike.

Halafu piga simu ofisi ya mipango ya jiji au kaunti, au soma kanuni zao mtandaoni. Kanda hii inaruhusu nini? Fomu ina majibu manne: matumizi halali, matumizi halali ya zamani yasiyolingana na kanuni za sasa, hakuna kanuni za matumizi ya ardhi, au matumizi yasiyo halali. Kama kanda ni ya familia moja tu na makazi ya chini yaliongezwa bila kibali, wapangaji wawili hawaifanyi nyumba kuwa dupleksi, yaani nyumba ya makazi mawili. Ukiiandika dupleksi umempa mkopeshaji mali ambayo jiji halitambui, na siku jiji likiagiza jiko lile liondolewe, mwenye nyumba amekopa kwa kipato ambacho hakipo.

Tuchukulie mfano wa nyumba ya ghorofa moja yenye besimenti (ghorofa ya chini ya ardhi) iliyojengwa jiko, bafu na chumba kimoja, mlango wa nyuma, mita moja ya umeme, anwani moja. Jiji linaruhusu makazi ya ziada kwenye kanda hiyo na kibali kipo kwenye rekodi. Sehemu ya chini ni ndogo kuliko ya juu na inategemea mfumo wa joto wa nyumba nzima. Hapo naandika 1004, nyumba moja yenye ADU. Eneo la besimenti haliingii kwenye futi za mraba za nyumba iliyo juu ya ardhi. Linaandikwa kwenye mstari wake, na thamani yake inatafutwa kutoka kwenye mauzo ya nyumba nyingine zenye besimenti kama hiyo. Badilisha mambo machache tu, mita mbili, anwani mbili, kanda inayoruhusu makazi mawili, ukubwa unaokaribiana, na jibu langu linakuwa 1025.

Tofauti kati ya fomu hizi mbili ni kubwa kwenye kazi yenyewe. 1025 inataka nyumba linganishi za kupangisha pamoja na zile zilizouzwa. Inatumia eneo lote la jengo na inakuongoza kupima bei kwa yuniti, kwa chumba na kwa futi ya mraba. Ina sehemu ya kuzidisha kodi ya pango ya mwezi ili kupata thamani kwa njia ya kipato. Kazi ni ndefu na ada yake ni kubwa. Kwa hiyo ukigundua ukiwa uwanjani kwamba oda ya 1004 ilitakiwa kuwa 1025, usiendelee kimyakimya.

Hatua ya 4: Tafuta nyumba ilijengwa wapi

Nyumba ya kiwandani, ambayo wengi bado huiita trela, hutumia Fomu 1004C. Imejengwa juu ya fremu ya chuma inayobaki nayo, kwa kiwango cha serikali kuu kinachosimamiwa na HUD, kilichoanza tarehe 15 Juni 1976. Nyumba iliyojengwa kwa vipande kiwandani kwa kufuata kanuni za ujenzi za jimbo, kisha ikaunganishwa kwenye msingi, ni kitu kingine kabisa, nayo hutumia 1004 ya kawaida.

Baada ya miaka, ukarabati na baraza jipya la mbele, hizi mbili hufanana sana. Usibahatishe, kuna vitu viwili vya kutafuta. Nje, kwenye ncha ya nyuma ya kila kipande, kunakuwa na kibati chekundu cha ukubwa wa takriban inchi 2 kwa 4, chenye herufi na namba zilizogongwa ndani ya chuma. Nyumba ya vipande viwili ina vibati viwili. Ndani kuna karatasi ya data yenye jina la kiwanda, tarehe ya kutengenezwa, namba ya utambulisho ya nyumba (serial), na ramani za ukanda wa upepo, theluji na joto ambao nyumba iliundiwa. Fungua milango ya makabati ya jikoni, tazama karibu na kisanduku cha swichi kuu za umeme, kisha kabati la nguo la chumba kikubwa. Piga picha vyote viwili, karibu kiasi cha kusomeka namba. Kama kibati kilifunikwa wakati wa kubandika mbao mpya za nje, taasisi iitwayo IBTS hutoa barua ya kuthibitisha namba zake.

Kwa 1004C Fannie Mae wanataka njia ya gharama ya ujenzi ifanywe pamoja na ya mauzo linganishi, na angalau mauzo mawili yawe ya nyumba za kiwandani. Wanataka pia nyumba iwe imefungwa kwenye msingi wa kudumu, magurudumu, ekseli na ndoano ya kuvutia vikiwa vimeondolewa, na iwe imesajiliwa kama mali isiyohamishika pamoja na ardhi yake.

Hatua ya 5: Ukaguzi utafika wapi

1004, 1073, 1025 na 1004C zote zinadhani umeingia ndani na kuzunguka nje. Mkopeshaji akitaka ukaguzi wa nje tu, nyumba ya kawaida huenda kwenye 2055, kondo kwenye 1075, nyumba ya ushirika kwenye 2095. Maneno yaliyochapwa kwenye 2055 yanasema uliiona nyumba kwa nje, angalau kutoka barabarani. Mabenki huitumia kwa mikopo midogo inayotumia nyumba kama dhamana ya pili, na pale wanapokagua hali ya dhamana waliyonayo tayari.

Tangu Machi 2022 kuna pia 1004 ya mezani, ambapo mthamini haendi kabisa kwenye nyumba. Fannie Mae waliianzisha kwa ununuzi wa nyumba ya makazi moja ambayo mnunuzi ataishi mwenyewe, mkopo usiozidi asilimia 90 ya thamani, na lazima iwe na mchoro wa ndani wenye kuta na vipimo. Kondo, nyumba za kiwandani na za makazi mawili hadi manne hazimo. Kuna pia 1004 ya mseto: mtu mwingine aliyefunzwa anaingia kwenye nyumba na kukusanya picha na data, mthamini anafanya uchambuzi ofisini. Ukipewa mojawapo ya hizi, kagua chanzo cha data kabla ya kukubali. Saini ni yako hata kama macho yaliyoiona nyumba ni ya mtu mwingine.

Usitumie fomu ya ukaguzi kamili kama hukuingia ndani. Ile orodha ya viapo kwenye kurasa za mwisho inasema uliingia, na wewe ndiye uliyesaini.

Hatua ya 6: Fomu za kuambatanisha

Nyumba ya familia moja ikinunuliwa kwa kupangisha, mkopeshaji mara nyingi ataomba 1007, jedwali la kodi za pango za nyumba linganishi. Taarifa ya mapato na matumizi ni Fomu 216. Ukitumia 1025 huhitaji 1007, kwa kuwa jedwali la kodi za pango limo ndani yake.

1004D ina kazi mbili tofauti kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba kazi iliyobaki imekamilika: ripoti ilisema thamani inategemea nyumba imalizike kujengwa au ngazi ya nyuma irekebishwe, sasa unarudi, unaona, unapiga picha, unasaini. Ya pili ni kuihuisha ripoti ya zamani. Kwa Fannie Mae, ripoti ikipita miezi minne lakini haijafika kumi na miwili, mthamini huitazama tena nyumba kwa nje, hupitia data ya soko, na kusema kama thamani imeshuka tangu tarehe ile. Ikiwa imeshuka, mkopeshaji huagiza uthamini mpya. Jaza sehemu moja uliyoombwa na uiache nyingine wazi, isipokuwa umeombwa zote mbili.

Kiambatisho cha hali ya soko, 1004MC, Fannie Mae waliacha kukidai mwaka 2018. Bado wapo wateja wanaokiomba. Kijaze ukiombwa, lakini uchambuzi wa soko unabaki kuwa wajibu wako, kikiwepo au kisipokuwepo.

Hatua ya 7: Mfumo mpya usio na namba

Fomu nyingi nilizozitaja zina tarehe ya Machi 2005, na muda wake unafika kikomo. Fannie Mae na Freddie Mac wameleta ripoti moja inayobadilika kulingana na nyumba, chini ya mpango wa data uitwao UAD 3.6. Majaribio ya awali na wakopeshaji wachache yalianza tarehe 8 Septemba 2025, wengine wote wakafunguliwa mlango tarehe 26 Januari 2026, na kuanzia tarehe 2 Novemba 2026 ripoti mpya zinazopelekwa kwao lazima ziwe za mfumo huu.

Ndani yake hakuna 1004 wala 1073 wala 1025. Unaingiza kwamba umiliki ni wa kondo, na sehemu ya mradi inafunguka. Unaingiza kwamba kuna makazi ya ziada, na sehemu yake inafunguka. Ukisema nyumba ni ya kiwandani, inakuuliza namba za kibati na karatasi ya data. Hali na ubora wa nyumba vinapimwa nje peke yake na ndani peke yake kabla ya kupewa alama ya jumla. 1004D nayo imegawanywa kuwa ripoti mbili, moja ya kukamilika kwa kazi na nyingine ya kuhuisha.

Wapo wanaofurahi kwamba sasa hawatachagua fomu tena. Nawasihi wasilegee. Zamani ukikosea fomu, mkaguzi aliiona kwa kutazama namba chini ya ukurasa, siku ya kwanza. Kwenye mfumo mpya ukikosea jibu la umiliki au idadi ya makazi, programu inakufungulia sehemu zisizo zako na kuzificha zile ulizotakiwa kujaza, na ripoti inatoka safi, imekamilika, na si ya nyumba ile. Hatua ya 1 hadi ya 5 zifanye kwa kalamu na karatasi kabla ya kufungua programu.

Hatua ya 8: Ukigundua oda imekosewa

Simama hapo hapo. Usibadilishe fomu mwenyewe na usimalize ile isiyofaa. Mwandikie mteja, au kampuni inayogawa kazi kwa niaba yake, ujumbe mfupi wenye ushahidi: "Oda inasema 1004. Hati iliyosajiliwa kaunti inaonyesha yuniti ya kondo; nakala nimeambatanisha. Fomu inayofaa ni 1073. Ada na siku ya kukabidhi vitabadilika kama ifuatavyo. Naomba oda iliyorekebishwa kabla sijaendelea." Taja ada mpya kwenye ujumbe huo huo wa kwanza, ukisubiri mpaka ripoti imekamilika, mazungumzo yanakuwa magumu kwa pande zote.

Mteja akisisitiza fomu isiyofaa, mweleze mara moja zaidi kwa maandishi, kisha irudishe kazi. Na angalia leseni yako pia: mwenye leseni ya makazi ya ngazi ya kwanza ana ukomo wa thamani na ugumu wa mali anazoruhusiwa, hivyo oda ikibadilika kutoka nyumba moja kwenda makazi manne huenda haikuhusu tena bila msimamizi.

Ujumbe huo na majibu yake yaingie kwenye jalada la kazi, pamoja na ukurasa wa hati uliousoma, picha za mita, na jina la ofisi ya mipango uliyoipigia simu na walichokujibu. USPAP inataka jalada litunzwe kwa angalau miaka mitano tangu ripoti iandaliwe, au miaka miwili baada ya kesi kwisha kabisa kama ulitoa ushahidi mahakamani, kutegemea kipi kinachelewa zaidi kuisha.